Nani Atakesha na Vifaranga?



Nimepokea barua ya mama mmoja aliyestaafu ualimu. Amelipwa kiinua mgongo chake, na kabla fedha haijaanza kuyeyuka kwa michango ya harusi na ada za wajukuu, ameamua kununua vifaranga 200 wa siku moja. Banda analo. Bei ya chakula amekwisha kuiulizia. Kilichomkwamisha ni bruda. Muuza vifaa amemwambia anunue ya umeme, kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Jirani yake amemwambia aweke jiko la mkaa, kwamba mengine yote ni kutupa fedha. Mwanawe aliyeko mjini anasisitiza gesi. Mwalimu anauliza amsikilize nani.

Swali ni fupi, lakini jibu lake lina historia ndefu, na nahofia kwamba bila historia hiyo mwalimu wetu ataamuliwa na neno moja tu, hilo neno "kisasa", ambalo limekwisha kuwatia hasara watu wengi. Kwa hiyo namwomba anivumilie. Nitampitisha Misri, Ufaransa na Marekani, kisha nitamrudisha bandani kwake.

Kwa wale wasiolizoea neno lenyewe, bruda ni mahali popote palipotengenezwa kwa ajili ya kumlea kifaranga asiye na mama, apate joto mpaka aote manyoya. Inaweza kuwa mashine ya fedha nyingi, inaweza kuwa boksi la sabuni lenye chemli katikati. Kazi ni ile ile.

Bruda ya kwanza ni kuku mwenyewe, na kwa akili hakuna iliyomshinda mpaka leo. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 za sentigredi. Kifaranga anapoanguliwa amevaa malaika tu, hajaota manyoya, na mwili wake bado haujaweza kujitengenezea joto la kutosha. Katika juma la kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha anapunguziwa nyuzi mbili au tatu kila juma, hata kufikia juma la nne au la tano aweze kujitegemea. Kuku hajui hesabu hiyo, lakini anaifanya. Anaita, vifaranga wanaingia chini ya mbawa. Wakishapata joto wanatoka kuparura. Wakihisi baridi wanarudi. Hapa kuna mambo mawili ambayo tutakutana nayo tena mbele. La kwanza, joto la kuku linatoka juu, linamgusa kifaranga mgongoni. La pili, kifaranga mwenyewe ndiye anayeamua aingie lini na atoke lini.

Kasoro ya kuku ni moja: mbawa zake zinatosha vifaranga kumi, au kumi na wawili, wakizidi sana wa pembeni hufa. Anayetaka 200 atafute kuku zaidi ya 15 walioatamia siku moja, au atafute hila.

Sasa jambo la kushangaza ni kwamba binadamu alijua kuangua mayai bila kuku muda mrefu sana kabla ya kujua kulea vifaranga bila kuku. Mgiriki Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai yanaanguliwa kwa kufukiwa katika samadi. Baadaye Wamisri walikuwa na matanuri makubwa ya matofali ya udongo, yenye vyumba vilivyopangwa huku na huku ya ukumbi mrefu. Mayai yaliwekwa chumba cha chini, moto ukawashwa chumba cha juu, moto wa polepole wa samadi kavu na makapi. Mafundi wake, ambao wengi walitoka kijiji cha Berma katika Delta ya Nile, hawakuwa na kipimajoto. Walichukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho, mahali ambapo ngozi ni nyembamba, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Ujuzi huu baba alimrithisha mtoto, na haukutolewa nje ovyo.

Mwingereza Edward William Lane, aliyeishi Cairo na kuchapisha mwaka 1836 kitabu juu ya desturi za Wamisri, aliandika jinsi biashara ilivyokwenda: mwanakijiji analeta mayai yake kwenye tanuri, na kwa kila mayai mawili anarudishiwa kifaranga mmoja. Huo ndio uliokuwa ujira wa tanuri na ndiyo iliyokuwa bima ya mayai yanayoharibika.

Tazama, ndugu msikilizaji, kazi ilivyogawanywa. Tanuri liliangua maelfu, lakini halikulea. Vifaranga waliondoka na wenyewe, huyu na wachache, yule na wachache zaidi, wakalelewa majumbani katika nchi yenye jua jingi. Mzigo wa kukesha ulitawanywa katika nyumba nyingi, na kila nyumba ikabeba kiasi chake. Kwa hiyo Misri ile haikulazimika kuwa na bruda kubwa. Wageni waliotoka Ulaya waliyaona matanuri, wakayastaajabia, lakini nyumba zile za wanawake waliolea vifaranga baadaye wengi hawakuziangalia. Mgeni hutazama mashine.

Mmoja aliyeziona pande zote mbili za kazi hii hakuwa Mmisri. Alikuwa Mfaransa, René-Antoine Ferchault de Réaumur, yule mtaalamu ambaye jina lake lilipewa kipimajoto ambacho maji huchemka kwenye nyuzi 80. Mwaka 1749 alichapisha kitabu juu ya kuangua na kulea ndege wa kufugwa wa kila aina katika majira yote. Humo alisema Misri ingestahili kujivunia matanuri yake kuliko mapiramidi. Alijaribu kuangua kwa joto la samadi ya farasi inayooza, akiyaweka mayai ndani ya mapipa yaliyofukiwa humo. Lakini Paris si Delta ya Nile. Vifaranga walipotoka, nje kulikuwa na baridi na hapakuwa na wa kuwafunika.

Hapo ndipo Réaumur alipotengeneza kitu alichokiita mama wa bandia. Lilikuwa sanduku lililotandazwa ndani ngozi ya kondoo yenye sufu, kifuniko chake kikiwa kimeinama kama meza ya kuandikia, upande mmoja juu na upande mwingine chini. Kifaranga aliingia upande wa juu, akasogea ndani mpaka sufu ikamgusa mgongoni. Mdogo alisogea zaidi, mkubwa aliishia karibu na mlango. Sanduku zima liliwekwa mahali palipopashwa joto na samadi, na mbele yake palikuwa na uwanja mdogo wa kula na kunywa.

Mimi kila ninapofikiria sanduku lile nastaajabu. Mtu yule alikuwa amemtazama kuku kwa makini. Aliona kwamba kifaranga hahitaji moto, anahitaji kufunikwa. Sufu haina joto lake yenyewe, inazuia tu joto la kifaranga lisipotee, na samadi inasaidia kidogo. Hata hivyo wazo hilo halikuenea katika wakati wake. Lililokuja kuenea ni wazo jingine, na lilitoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1879, katika mji mdogo wa Petaluma ulioko kaskazini ya San Francisco, Lyman Byce akishirikiana na Isaac Dias walitengeneza mashine ya kuangulia iliyofaa kwa biashara. Petaluma ikawa mji wa mayai, ukajulikana Marekani nzima. Lakini mashine hizo zilileta shida ambayo wanakijiji wa Misri hawakuwa nayo: mkulima mmoja alijikuta ana vifaranga mia kadhaa wa siku moja, wote wake, wote wakilia baridi kwa pamoja. Nyumba nyingi za kugawana usiku hazikuwapo tena. Usiku wote ukamwangukia mtu mmoja.

Walianza na taa za mafuta. Taa iliwekwa chini ya sakafu ya bati au pembeni mwa sanduku, na hewa ya moto ikapelekwa kwa vifaranga. Ilifanya kazi, ila taa ikifuka moshi vifaranga walijaa masizi, na taa ikipinduka banda liliungua. Katika miaka ya 1910 likaenea jiko dogo la makaa ya mawe lenye kofia pana ya bati juu yake, kama mwavuli. Kofia ile ilirudisha joto chini, na vifaranga wakalala kwa kuzunguka jiko, kila mmoja akichagua umbali unaomfaa. Ukitazama utaona ni kuku tena: joto linatoka juu, na kifaranga anaachiwa hiari. Jiko moja liliweza kulea mamia, na likijazwa makaa jioni liliwaka mpaka alfajiri.

Jambo jingine likaongezeka. Kifaranga anapokaribia kuanguliwa, kiini cha yai huingia tumboni mwake, na kwa akiba hiyo anaweza kukaa hadi siku tatu hivi bila chakula wala maji. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikakubali rasmi kusafirisha vifaranga wa siku moja. Tangu hapo anayeangua na anayelea hawakulazimika kujuana wala kuishi karibu. Yale maboksi ya vifaranga 100 yenye matundu, tunayoyaona leo juu ya basi la kwenda mkoani, yana ukoo na uamuzi ule.

Na uamuzi ule ndio uliomfikia Bibi Cecile Steele. Huyu alikuwa mke wa mtumishi wa kikosi cha uokoaji baharini, akiishi Ocean View katika jimbo la Delaware, na alikuwa na kuku wachache wa mayai. Mwaka 1923 aliagiza vifaranga 50. Kwa makosa akaletewa 500. Wengine tungewarudisha. Yeye aliwaweka kwanza katika boksi tupu la piano, akamwita fundi amjengee kibanda cha futi 16 kwa 16, akaweka jiko la makaa ya mawe ndani, akaamua kuwalea kwa ajili ya nyama. Wakati huo nyama ya kuku Marekani ilitokana zaidi na majogoo yasiyotakiwa na mitetea iliyochoka kutaga. Karibu hapakuwa na mtu aliyefuga kuku ili aliwe tu.

Baada ya majuma 18 aliuza kuku 387, kila mmoja akiwa na uzito wa kama kilo moja, kwa senti 62 za dola kwa ratili. Ilikuwa bei kubwa sana. Mwaka uliofuata aliagiza vifaranga 1,000, na kufikia mwaka 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000. Majirani walimwiga, na rasi ile yote ya Delmarva ikawa nchi ya kuku wa nyama. Kibanda chake kile cha kwanza kimehifadhiwa hadi leo, na tangu mwaka 1974 kimo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Si mabanda mengi ya kuku duniani yenye heshima hiyo.

Wanaosimulia habari za Bibi Steele hupenda kutaja wale 387. Mimi mwalimu angeniruhusu nimtajie wengine: kutoa 387 katika 500 inabaki 113. Zaidi ya kifaranga mmoja katika kila watano hakufika sokoni. Bibi Steele aliweza kuibeba hasara hiyo kwa sababu bei ilikuwa ya ajabu na washindani hawakuwapo. Mfugaji wetu wa leo, anayenunua chakula kwa bei ya juu na kuuza kuku kwa bei ya kubishana, akipoteza mmoja katika kila watano ndani ya majuma ya mwanzo, faida yote imekwenda. Kwa hiyo tusiige hadithi yake bila kuiga na bei yake.

Halafu ukaja umeme. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alipounda idara ya kusambaza umeme vijijini, mashamba ya Marekani yaliyokuwa na umeme yalikuwa kama moja tu katika kila kumi. Idara ile ilifupishwa kwa herufi REA, ambazo ndizo hizo hizo tunazozijua hapa Tanzania kwa Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007. Waya zilipofika mashambani, bruda ya umeme ikafuata, kisha taa nyekundu ya wati 250 inayoning'inizwa juu ya vifaranga, na pia gesi ya mitungi yenye kofia ileile ya bati. Mkulima akaacha kupakia makaa usiku. Akalala.

Lakini alilala kwa sababu gani? Hapa ndipo neno "kisasa" linapotudanganya. Hakulala kwa sababu ya taa. Alilala kwa sababu nyuma ya taa palikuwa na waya usiokatika mara kwa mara, nyuma ya waya palikuwa na mafundi, na mabanda makubwa yakawekewa jenereta ya kujiwasha yenyewe na kengele ya kumwamsha mwenye mali. Taa ni kile kipande kidogo kinachoonekana. Ndicho kipande kinachouzwa dukani, na ndicho kilichosafiri mpaka kwetu. Hivyo vingine havikupakiwa kwenye boksi.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mjomba wangu aliishi Njombe, na wanaoijua Njombe wanajua baridi ya mwezi Julai. Aliuza ng'ombe mmoja akanunua vifaranga 200, akawatengenezea chumba safi, akaning'iniza taa mbili. Kwa juma zima alikuwa na furaha ya mtu aliyeingia katika maendeleo. Usiku wa nane umeme ulikatika. Yeye alikuwa amelala, na nani angemlaumu? Asubuhi tuliwakuta vifaranga wamerundikana katika kona moja ya chumba, tabaka juu ya tabaka. Wa juu walikuwa hai, wanatetemeka. Wa chini walikuwa wamekufa, tena wengi hawakufa kwa baridi. Walikufa kwa kukosa pumzi, kwa kukanyagwa na wenzao waliokuwa wakitafuta joto. Tulihesabu waliobaki, walikuwa 61. Mjomba alizika wafu shambani chini ya migomba, akaenda kunawa, na tangu siku ile akafuga kuku wa kienyeji tu.

Yalimpata mjomba peke yake usiku mmoja, lakini kuna miaka yalipowapata wengi. Mwaka 2000 ukame uliilazimisha Kenya kugawa umeme kwa zamu, na mwaka 2006 mabwawa yalipopungua maji Tanzania ikafanya vivyo hivyo. Wenye vifaranga waliotegemea taa peke yake walijifunza haraka kurudi kwenye mkaa. Kuna na jambo jingine dogo ambalo wauza vifaa hawalisemi. Balbu zile za zamani, za wati 60 au 100, zilikuwa hodari wa bruda kwa sababu zilikuwa mbovu wa mwanga: sehemu kubwa ya umeme wake ilipotea kuwa joto. Balbu za siku hizi zinazookoa umeme hazitoi joto la maana. Wapo watu wanaoning'iniza balbu hizo juu ya vifaranga, wanaona mwanga mweupe unang'aa, na wanashangaa vifaranga wanavyokufa kweupe.

Jirani wa mwalimu basi anasema kweli kuhusu mkaa? Nusu. Jiko la mkaa halitegemei waya wala mtungi, na mkaa unapatikana kila kijiji. Wengine hulifunika kwa majivu kiasi ili liwake polepole, wengine huweka makaa katika chungu, na ni busara kulizungushia wavu au matofali vifaranga wasiungue. Lakini mkaa una deni lake. Linahitaji mtu wa kuamka, mara moja au mbili kila usiku, kwa majuma matatu au manne. Na unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaua vifaranga, na inaua na mfugaji aliyeona uvivu kurudi nyumbani akajilaza bandani karibu na joto. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Kwa hiyo mwenye kutumia mkaa auwashie nje mpaka moshi uishe, na aache nafasi ya hewa juu ya ukuta hata kama baridi inaingia. Na kulala, alale kwake.

Gesi ni safi zaidi na joto lake ni sawasawa. Ubaya wake ni kwamba mtungi hauagi. Unakwisha saa tisa ya usiku, saa ambayo hakuna duka. Mwenye gesi awe na mitungi miwili, na hesabu ya mtungi wa pili aiweke katika bei ya bruda tangu mwanzo.

Baki hapo kidogo, maana sijamaliza habari ya Réaumur na ngozi yake ya kondoo. Wazo lile halikufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani E. W. Philo, wa Elmira katika jimbo la New York, alijulikana kwa kuwafundisha watu wa mijini wenye uwanja mdogo kulea vifaranga katika bruda isiyo na moto kabisa. Kitambaa kilining'inia karibu na migongo ya vifaranga, na joto la miili yao likabaki humo. Wenye mabanda makubwa hawakuwa na haja naye, kwa sababu walikuwa wanatafuta njia ya kulea maelfu. Lakini wazo lilelile limefika Ethiopia kama sanduku la nyasi kavu, na wafugaji wadogo wa huko wanalitumia. Kenya nako lipo.

Namna yake ni hii. Unatengeneza sanduku kubwa lenye chumba kidogo katikati, na nafasi iliyo kati ya kuta unaijaza nyasi kavu, ukizishindilia. Juu ya chumba unatanda gunia au blanketi kuukuu likaribie migongo ya vifaranga, na matundu machache ya hewa usiyasahau. Mbele kuna uwanja wa kula na kunywa wenye wavu. Vifaranga kama 50 wakiingia humo, joto la miili yao linatosha. Usiwaweke kumi ukategemea watajipasha, hawatoshi. Siku mbili za mwanzo wanahitaji kufundishwa kuingia, jioni unawakusanya mmoja mmoja kwa mkono, na penye baridi kali unawawekea chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Nyasi zikilowa zibadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo magonjwa yataingia. Hakuna mafuta, hakuna waya, hakuna hewa ya sumu. Mfugaji wa kuku 5,000 lingemchekesha. Mwalimu mwenye kiinua mgongo lisimchekeshe.

Ndiyo sababu namshauri hivi. Asianze na 200. Aanze na 100, katika masanduku mawili ya nyasi au katika duara moja la maboksi yaliyofunguliwa na kushonwa pamoja. Duara, si chumba chenye kona, kwa sababu kona ndiyo iliyowaua vifaranga wa mjomba. Akiwa na umeme atumie, taa moja ya wati 250 kwa vifaranga kama 100, lakini jiko lake la mkaa liwe limekwisha kutayarishwa na kiberiti kiwe mahali anapoweza kukipata gizani. Bruda iwashwe mapema, ipate joto kabla boksi la vifaranga halijafika, wala isiwashwe wakati wanalia mlangoni. Wakifika, maji kwanza.

Na kipimajoto, akikosa, asihangaike sana. Wale wa Berma hawakuwa nacho. Vifaranga wenyewe watamwambia. Wakirundikana chini ya taa wanasema kuna baridi. Wakikimbilia ukingoni na kutweta midomo wazi, joto limezidi, apandishe taa. Wakijazana upande mmoja, upande wa pili kuna tundu linaloingiza upepo. Wakitawanyika, huyu anakula, huyu amelala, huyu anaparura, wote wakitoa sauti ndogo ya kuridhika, aende akalale kidogo. Na aamke saa nane usiku awasikilize tena.

Maana barua yake, pamoja na uzuri wa mwandiko wake wa ualimu, haikusema jambo moja. Imetaja ukubwa wa banda, idadi ya mifuko ya chakula na umbali wa barabara. Haikusema nyumba ile analala na nani, wala kama chumba chake kiko karibu na banda kiasi cha kusikia vifaranga wakilia usiku. Naomba aniandikie hilo kabla hajampa fedha muuza vifaa.